Msimu wa vimbunga wa 2024 katika Pasifiki: kwa nini dhoruba ya upepo mdogo iliua wengi kuliko kimbunga kikuu

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba 2024, dhoruba iliyopewa jina la Trami iliingia nchi kavu katika jimbo la Isabela, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino. Kwa kipimo cha upepo haikuwa hata imefikia daraja la kimbunga kamili. Wiki tatu baadaye, usiku wa tarehe 16 Novemba, Kimbunga Man-yi kilikipiga kisiwa cha Catanduanes kikiwa kwenye daraja la juu kabisa katika hesabu za Ufilipino, upepo wake ukienda kilomita 195 kwa saa. Trami iliua zaidi ya watu 150 nchini humo. Waliokufa kwa Man-yi hawakufika hata robo yao.

Tumezoea kuuliza upepo una kasi gani na kimbunga kiko daraja la ngapi. Tukisikia daraja ni dogo, tunashusha pumzi. Ukiufuatilia msimu wa 2024 katika Pasifiki ya Magharibi tangu mwanzo, utaona kwamba daraja hujibu swali moja tu, nalo mara nyingi silo linaloamua nani atapona. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kwanza tujue kimbunga kinaishi kwa nini, nani anakipa jina na nani anakipima.

Chakula cha kimbunga ni joto la bahari. Maji yanapofika nyuzi joto 26 na nusu hivi, na joto hilo likawa limeshuka chini kiasi cha mita 50, mvuke mwingi hupanda angani. Huko juu mvuke hugeuka matone ya mawingu, na ukigeuka hutoa joto lile ulilolibeba kutoka baharini. Hewa ya katikati inapashwa moto, inapanda, na chini yake panabaki mgandamizo mdogo wa hewa unaovuta upepo kutoka kila upande. Mzunguko wa dunia huupinda upepo huo: kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume na mwendo wa mishale ya saa, na kusini kwetu huzunguka kufuata mishale ya saa. Upepo ukiongezeka, mvuke unaongezeka, joto linaongezeka, na mambo yanaendelea hivyo hadi kitu kikatize mnyororo. Mara nyingi kinachokatiza ni nchi kavu, maji baridi, au upepo wa tabaka za juu unaokwenda upande tofauti na ule wa chini, ukaikata nguzo ya mawingu kichwa.

Karibu kabisa na ikweta nguvu ya kuupinda upepo ni ndogo mno, kwa hiyo vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo kila upande. Hiyo ndiyo sababu Mombasa na Lamu hukaa salama, na ndiyo sababu pia sehemu kubwa ya Indonesia haivijui vimbunga ingawa bahari yake ni ya moto mwaka mzima. Ukishuka kusini kidogo hali inabadilika. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikaanguka mashamba kwa mashamba. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na mwaka huohuo wa 2024, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mvua zake zikaikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili.

Majina mawili, vipimo vitatu

Anayesoma habari za msimu huu kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa na majina. Trami ndiyo Kristine. Man-yi ndicho Pepito. Gaemi ndicho Carina, na Yagi ndicho Enteng. Hizi si dhoruba tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Japani, JMA, ndiyo yenye dhamana ya kimataifa ya kuvipa majina vimbunga vya eneo hilo, ikichota kwenye orodha ya majina 140 yaliyotolewa na nchi na maeneo 14, kila mmoja kumi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000. Ufilipino ina shirika lake, PAGASA, ambalo hutoa jina la nyumbani kwa kila mfumo unaoingia katika eneo lake la uangalizi, hata kama haujafikia kiwango cha kupewa jina na Japani. Lengo ni kwamba mvuvi wa kisiwa cha Samar asikie jina lililo jepesi mdomoni mwake. Katika orodha ya kimataifa utakuta majina ya kila aina: Gaemi ni siafu kwa Kikorea, Yagi ni mbuzi kwa Kijapani, na Bebinca ni kitindamlo cha Macau.

Vipimo vinachanganya zaidi, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Japani hupima wastani wa upepo kwa dakika 10. Kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Pearl Harbor, kinachojulikana kwa kifupi cha JTWC, hupima wastani wa dakika moja. Ukichukua dakika moja yenye upepo mkali zaidi, namba itakuwa kubwa kuliko ukichukua dakika 10 ambazo ndani yake kuna mivumo na mapumziko. Ndiyo maana Yagi katika kilele chake kiliandikwa kilomita 195 kwa saa na Wajapani, na 260 na Wamarekani, na hakuna kati yao aliyekosea. Kwa Wamarekani, kimbunga huitwa kikuu kuanzia kama kilomita 240 kwa saa. Kwa Ufilipino mpaka ni 185, tangu PAGASA ilipoushusha mwaka 2022. Ukikuta chombo kimoja cha habari kinasema "kimbunga kikuu" na kingine kinasema "kimbunga" tu, kabla hujamlaumu mwandishi, angalia amenukuu kituo gani.

Vituo hivi vyote lakini vinapima kitu kimoja: upepo mkali zaidi karibu na kitovu. Havipimi mvua itakayonyesha, wala upana wa mfumo, wala kasi yake ya kusafiri, wala hali ya udongo wa mahali unapokwenda.

Miezi mitano ya ukimya

Magharibi mwa Pasifiki hakuna mwezi usioweza kuzaa kimbunga, na wastani wa miaka mingi ni kama mifumo 25 yenye majina kwa mwaka. Mwaka 2024, Januari ilipita kimya, Februari vilevile, Machi, Aprili, hadi siku za mwisho za Mei ndipo Ewiniar kikapata jina kikiwa juu ya Ufilipino. Juni yote haikuzaa jina lolote jipya. Watu walianza kuuliza kama mwaka huo ungekuwa wa afueni.

Maelezo yake yanapita Bahari ya Hindi. El Niño kali (hali ya maji ya Pasifiki ya kati na mashariki kupata joto kupita kawaida) iliyokuwepo kuanzia 2023 iliacha Bahari ya Hindi ikiwa na joto lisilo la kawaida. Mwaka unaofuata El Niño kali, hewa inayopanda kwa wingi juu ya Bahari ya Hindi husaidia kuleta hewa kavu inayoshuka juu ya Pasifiki ya Magharibi, na hewa inayoshuka hairuhusu mawingu kujijenga. Iliwahi kutokea hivyo mwaka 1998 na tena 2016, ambapo kimbunga cha kwanza chenye jina kilisubiri hadi Julai. Kwa hiyo ukimya wa mwanzo wa mwaka haukuwa ahadi ya chochote. Maji ya Pasifiki yaliendelea kupata joto jua likipiga bila mawingu mengi, na joto hilo likakaa likisubiri.

Hesabu ya mwisho ilikuwa majina 26, yaani mwaka wa kawaida kabisa kwa idadi. Lakini tazama yalivyogawanyika: Agosti majina 6, Septemba 8. Zaidi ya nusu ya msimu ilijibana ndani ya miezi miwili. Kisha Novemba, wakati ambapo kwa kawaida mambo huanza kupoa, vimbunga vinne vilikuwa hai kwa pamoja: Yinxing, Toraji, Usagi na Man-yi. Kwa kumbukumbu za Japani zinazoanzia 1951, hilo halikuwa limewahi kutokea katika mwezi wa Novemba.

Gaemi: kimbunga kisichogusa Ufilipino

Kati ya visa vyote vya mwaka huo, Gaemi cha Julai ndicho kinachofundisha zaidi, ingawa kwenye ramani hakionekani kuihusu Manila hata kidogo. Kitovu chake hakikukanyaga Ufilipino. Kilipita baharini kaskazini mashariki mwa Luzon, kikaizunguka pwani ya Taiwan kwa kupiga kitanzi kabla ya kuingia nchi kavu huko Yilan, usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai.

Pamoja na hayo, tarehe 24 Julai Manila ilizama. Sababu ni upepo wa msimu unaotoka kusini magharibi, ambao Wafilipino wanauita *habagat*. Huu ni ndugu wa kusi yetu kwa maana ya kuwa upepo wa msimu unaojulikana kwa miezi yake, ila wao huwaletea mvua nzito. Gaemi kilipokuwa kikizunguka huko kaskazini, kiliuvuta upepo huo kwa nguvu na kuupitisha juu ya Luzon ya magharibi ukiwa umejaa mvuke. Mto Marikina ulipanda hadi kupita alama ya mita 20 kwenye kipimo chake, watu wakapanda juu ya mapaa ya nyumba. Siku iliyofuata meli ya mafuta MT Terranova ilizama karibu na Bataan ikiwa na lita milioni 1.4 za mafuta mazito ya viwandani, na wavuvi wa Ghuba ya Manila wakakosa pa kuvua.

Mkazi wa Manila aliyeangalia mstari wa njia ya kimbunga tu angesema kinaelekea Taiwan, akaenda kulala. Mstari ule unaonyesha njia ya kitovu, lakini mfumo wenyewe unaweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita na ukavuta hewa kutoka mbali zaidi ya hapo.

Yagi: upepo pwani, maji milimani

Yagi kilianza mwezi Septemba kama mvua tu kwa Luzon. Kilipotokea Bahari ya China Kusini kilikuta maji moto, upepo wa juu umetulia, na katika muda wa siku mbili hivi kilikuwa miongoni mwa vimbunga vikali kabisa kuwahi kupimwa katika bahari hiyo. Tarehe 6 Septemba kiliipiga Wenchang, kisiwani Hainan. Kesho yake kikaingia Quang Ninh na Hai Phong, kaskazini mwa Vietnam. Huko upepo ulifanya kile ambacho upepo hufanya: miti, nguzo za umeme, mapaa, vizimba vya samaki.

Kisha ikaja sehemu ya pili, ambayo haikuwa na daraja lolote. Mfumo ulidhoofika, ukashushwa cheo, na kwa hesabu za upepo ukawa si kitu. Lakini mvuke wake ulikwama kwenye milima ya kaskazini na kunyesha kwa siku kadhaa. Tarehe 9 Septemba daraja la Phong Chau katika jimbo la Phu Tho lilibomoka na magari yakatumbukia Mto Mwekundu. Tarehe 10 asubuhi, huko Lao Cai, zaidi ya kilomita 250 kutoka pwani ambako kimbunga kilitua, kijiji cha Lang Nu kilifunikwa na tope na maji yaliyoshuka mlimani. Familia nzima nzima zilipotea. Hanoi iliuona Mto Mwekundu katika kina ambacho haukuwa umefika kwa miaka 20. Vietnam peke yake ilipoteza watu zaidi ya 300, na mvua za masalia ya mfumo huohuo zilisogea hadi Myanmar na kuua mamia wengine.

Katika jimbo hilohilo la Lao Cai kuna kijiji cha Kho Vang. Mwenyekiti wake aliona ufa umejichora kwenye mlima juu ya nyumba. Simu zilikuwa hazishiki, barabara zimekatika, hakuna wa kuulizwa. Aliwaambia watu wapande juu, wakapanda wote 115 na kujikinga kwa vibanda walivyovikita wenyewe. Serikali ilishaanza kuwahesabu kama waliopotea, kisha ikawakuta hai wote. Naliweka kisa hiki hapa kwa sababu ufa ule mlimani ulikuwa taarifa bora kuliko namba yoyote ya upepo, na kulikuwa na mtu aliyejua kuusoma.

Siku 25, mifumo sita

Turudi Luzon. Trami ilikuwa pana na ya mwendo wa taratibu. Kabla kitovu chake hakijagusa ardhi huko Isabela, mawingu yake yalikuwa yameshaifunika Bicol, mamia ya kilomita kusini, na mji wa Naga ulikuwa umejaa maji hadi madirishani. Kule Batangas, mvua ambayo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi miwili kunyesha ilimwagika ndani ya saa 24. Katika mji wa Talisay, kando ya Ziwa Taal, kilima kiliporomoka juu ya nyumba na kuua watu wapatao 20.

PAGASA hutoa namba za tahadhari kutoka 1 hadi 5, na namba hizo zinahesabu upepo tu. Tahadhari za mvua hutolewa katika matangazo mengine, kwa rangi. Wataalamu walizitoa zote mbili, na huwezi kusema walinyamaza. Tatizo ni kwamba namba ndiyo inayokumbukwa, ndiyo inayofunga shule na kuzuia boti, ndiyo watu wanayoulizana barabarani. Namba ikiwa ndogo, mtu anayeishi chini ya kilima haoni sababu ya kuacha kuku wake na kwenda kulala darasani.

Baada ya Trami kikaja Kong-rey, kilichopita karibu na visiwa vya Batanes na kuipiga Taiwan tarehe 31 Oktoba. Tarehe 7 Novemba Yinxing kiliingia jimbo la Cagayan, Luzon. Tarehe 11 Toraji kikaingia Aurora. Tarehe 14 Usagi, tena Cagayan. Tarehe 16 na 17 Man-yi, Catanduanes kwanza, kisha Aurora. Kuna familia kaskazini mwa Luzon zilizorudi nyumbani, zikaanika magodoro, zikapigilia mabati, na kabla misumari haijaanza kutu zikaitwa tena kwenye kituo cha hifadhi. Wakati huo ardhi ilikuwa imeshiba kama sufuria iliyojaa pomoni: mvua ya kawaida tu ilitosha kuifurisha mito. Bwawa la Magat lililazimika kufungua milango yake, na maji yale yakateremka kufuata Mto Cagayan, kuelekea mashamba na vijiji ambavyo vilikuwa bado na tope la awali.

Kwa nini basi Man-yi, chenye upepo wote ule, kiliua wachache? Kwanza, kiliogopwa. Zaidi ya watu 650,000 walihama kabla hakijafika, wengine wakiwa bado hawajatoka kwenye hifadhi tangu kimbunga kilichotangulia. Pili, kilikwenda haraka. Hakikukaa mahali pamoja kumwaga mvua. Catanduanes nyumba nyingi zilibaki kuta bila paa, lakini wenyewe hawakuwemo ndani. Na hata hapo, wengi kati ya waliokufa kwa Man-yi hawakuuawa na upepo wa pwani. Waliuawa na maporomoko ya ardhi huko Nueva Vizcaya, milimani, mbali na bahari.

Joto la dunia linaingia wapi

Wengine wanasema vimbunga vinaongezeka kila mwaka, lakini hesabu ya 2024 yenyewe inakataa: 26 ni idadi ya kawaida. Kinachobadilika ni uwiano, kwamba sehemu kubwa zaidi ya vimbunga vinavyozaliwa inafikia nguvu za juu, na kwamba vinabeba maji mengi zaidi. Hewa ikiongezeka nyuzi moja ya joto inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo lazima ushukie mahali. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza mchango wa joto la dunia katika majanga ya hali ya hewa, walipouchunguza mfululizo ule wa Ufilipino, walikuta kwamba hali ya bahari na anga iliyouwezesha imekuwa na uwezekano wa karibu mara mbili kutokana na joto ambalo binadamu tumeliongeza.

Ni lazima niseme pia kwamba upepo bado unaua pale nyumba zinapokuwa dhaifu. Tarehe 14 Desemba 2024, msimu wa Pasifiki ukiwa unakaribia kufunga hesabu zake, Kimbunga Chido cha Bahari ya Hindi kiliipiga Mayotte, iliyo chini ya Ufaransa, na kilichokisaidia kuua ni mabanda ya mabati yaliyopangana kwenye miteremko, ambamo waliishi wengi wasio na makaratasi, baadhi yao wakihofia kwenda kwenye hifadhi za serikali wasije wakakamatwa. Siku iliyofuata kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma kutoka Mtwara.

Kwa hiyo tangazo lijalo la mgandamizo mdogo wa hewa karibu na Mafia au Mtwara likitoka, usiishie kwenye kasi ya upepo. Soma mahali panaposema mfumo unasafiri kwa kasi gani, kwa sababu unaokwenda polepole ndio unaomwaga. Soma kiasi cha mvua kinachotarajiwa na kwa siku ngapi. Kumbuka kama ardhi ya kwenu imeshalowa kwa masika, maana Hidaya ilikuja Mei, mito ikiwa tayari imejaa. Na likitoka tangazo la pili kwamba kimbunga "kimepoteza nguvu", elewa kwamba limesema habari za upepo tu. Mawingu yake yakiwa bado juu ya bonde la Rufiji, mito itaendelea kupanda kwa siku kadhaa baada ya upepo kutulia.